Barua Niliyoikalia

Uongo unachosha kuliko kulima, na siku hiyo nilikuwa nimedanganya tangu asubuhi. Mjukuu wangu Hidaya aliniuliza mara tatu, "Bibi, barua ya baraza bado haijaja?" na mara tatu nikamjibu sijaona barua, na huku barua yenyewe nimeikalia. Ilikuwa chini ya mkeka wangu, usawa wa paja la kulia, na hiyo ilikuwa siku yake ya tisa pale. Mjumbe wetu ndiye aliyeileta, Hidaya akiwa kisimani. Niliisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole, maana darasa la tatu nililoishia linanitosha. Baraza la usuluhishi la kata lilikuwa linaniita mimi, Mwajabu, nifike Alhamisi saa tatu asubuhi, niseme ninayoyajua juu ya ndoa ya Hidaya na mumewe Mbwana. Na Alhamisi ilikuwa kesho yake.

Niwaeleze kwanza hiyo ndoa, msije mkadhani namsingizia mtu. Mbwana hajampiga Hidaya hata kofi. Kazi yake ilikuwa kusema. Alimwita mwehu mbele ya wageni, tena kwa sauti ya upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Alimfichia funguo, akamwacha azitafute mpaka jasho limtoke, kisha akazitoa mfukoni na kumwambia, "Ulinipa wewe mwenyewe, akili zako zimeanza kuruka." Aliweza kukaa wiki nzima hajibu salamu yake, halafu siku ya nane akaamka anacheka na kudai chai. Mara tatu Hidaya alikuja kwangu Muheza analia. Mara tatu nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa uji, nikamfunga jogoo miguu na kumrudisha naye kwa mumewe. Ndivyo tunavyofanya sisi makungwi wa huku. Mimi ndiye niliyemfunda Hidaya siku saba kabla ya kuolewa, kwa hiyo ndoa yake ikipiga kelele, watu wanageuka kutazama mlango wangu. Mke anarudi na kuku wa radhi, mume anatengewa firigisi yake kama ilivyo haki ya mwanamume, anaila, na mambo yanahesabika yamekwisha.

Safari ya nne Hidaya alikuja na begi, akamkataa kuku. Mkononi alikuwa na kijitabu alichopewa na wasaidizi wa kisheria. Akakaa karibu yangu akanisomea kwamba kumtesa mtu kiakili nako ni ukatili, sawa na kumtesa mwili, na kwamba mahakama inaweza kuvunja ndoa kwa ajili yake. "Sasa mimi sina kovu la kuwaonyesha, Bibi," akasema. "Kovu langu ni wewe uliyenisikia. Usipokwenda, watasema ni maneno ya mke na mume, kayamalizeni nyumbani."

Nikamuuliza, "Hiyo sheria wameileta lini?"

"Ipo siku nyingi, Bibi. Tangu mwaka sabini na moja."

Mimi niliolewa mwaka sabini na nne.

Mume wangu, marehemu Mzee Semhando, naye hakunipiga. Watu walinisifia kwa hilo, eti nimepata mume mpole. Miaka arobaini hakunisemesha ila kupitia watoto. Nimekaa hapa, yeye kakaa pale, sahani iko katikati yetu, naye anamwambia binti yangu mdogo, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Usichanani mwangu niliimba kasida kwenye maulidi, wanawake wakiacha kupika ili wanisikilize. Baada ya harusi alisema mara moja tu, mbele ya dada zake, kwamba sauti yangu inamkumbusha mbuzi aliyenaswa na kamba, nami sikuimba tena. Basi nilipomtazama Hidaya na kijitabu chake, niliingiwa na wivu ambao sikupata kumwonea hata mwanamke aliyemtamani mume wangu. Tangu akiwa mdogo tunataniana, mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiita bi mkubwa. Siku zile tisa utani ulikauka mdomoni. Nilimwona kweli kama mke mwenza, aliyekuja nyuma yangu akapewa chumba chenye dirisha.

Nilishaamua. Jogoo wa nne nilimfunga miguu nikamlaza jikoni. Barua ingebaki chini ya mkeka, Alhamisi Hidaya angekwenda barazani bila shahidi, na Ijumaa ningemrudisha mtoto kwa Mbwana. Nikaswali alasiri, nikakaa upenuni kusuka ukili wangu wa milala, ule wa kushonea mkeka, Hidaya akifua nguo uani. Sijui ni joto, sijui ni ule uongo, vidole vikaanza kupotea njia, kichwa kikaegemea ukuta, na macho yakaniacha.

Nikaona ukili unajisuka wenyewe mikononi mwangu. Ulirefuka, ukashuka ngazi za upenu, ukapita mchungwa wa jirani, ukawa barabara nyeupe inayokwenda nchi nisiyoijua. Nikainuka nikaufuata, na miguu haikuniuma. Nchi ile haikuwa na jua wala giza. Mwanga wake ulikuwa kama ule wa chumbani mchana mlango ukiwa umefungwa. Majani yalikuwa marefu, lakini kila nilipokohoa yaliinama kunikimbia, kama watoto wanaosikia hatua za baba mkali. Nikiwa natembea hivyo, akatokea mwanamke mfupi, jicho moja tu katikati ya uso, kubwa, halipepesi. Amevaa kanga mpya ambayo hata haijakatwa ikawa mbili, akaja akanishika mkono kama mtu niliyecheza naye utotoni.

"Karibu, shoga," akasema. "Mimi ni Kijicho. Usinitazame hivyo kama hunijui, umenilisha siku tisa, tazama nilivyonenepa."

"Unanipeleka wapi?"

"Nakupeleka unakoheshimiwa. Au ulitaka uheshimiwe kwa yule mke mwenzako mwenye kijitabu?" Akacheka peke yake, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Tukafika kwenye mji wenye nyumba nyingi na hakuna sauti hata moja. Wanawake walikuwa wanapika, wanafagia, wananyonyesha, na kila mmoja amefungwa mkaja, ile nguo tunayomfunga mzazi tumboni. Ila wao walifungwa mdomoni. Langoni amekaa mama mnene kwenye kiti kirefu, amejitanda shela ya kijani, na miguuni kwake wanadonoa majogoo watatu. Niliwajua wale. Yule mwekundu mwenye kishungi kilichokatika ni wa kwangu, ndiye wa safari ya kwanza ya Hidaya. Na wale wawili wengine ni wadogo zake. Yule mama akainuka akanikumbatia mbele ya watu. "Mimi ni Subira," akasema, "na huyu ndiye bingwa wangu. Miaka arobaini! Mleteeni kiti chake." Nikaletewa kigoda kizuri cha mninga, jina langu limechongwa kwa herufi kubwa hata mimi niliweza kulisoma mara moja. Nikakaa. Niwaambieni ukweli, kilikuwa kitamu kukalia, maana hakuna aliyewahi kunipa kitu kwa ile miaka arobaini. Kisha nikaona pembeni kigoda kingine, bado kinachongwa, vumbi la mbao linaanguka. Kilikuwa na herufi tatu tayari: HID.

"Hicho cha nani?" nikauliza, ingawa nimekwishasoma.

"Cha mjukuu wako. Kesho kutwa unamleta, na jogoo wake wa nne. Mtakaa pamoja, bi mkubwa na bi mdogo."

Kijicho akaniminya mkono. "Unaona? Haki sawa. Ulikaa, na yeye akae."

Nami nikafurahi. Sitawaficha. Nilifurahi kama mtu aliyenyimwa maji akasikia na mwenzake kanyimwa. Lakini yule mama aliponyoosha mkono kunipa shela ya kijani kama yake, niliona ule mkono unatetemeka, na magoti yake chini ya nguo yanagongana, ka-ka-ka, kama vikombe kwenye sinia la mtu anayekimbia. Nikasema, "Mama Subira, mbona unatetemeka na hakuna baridi?"

Aliyejibu alikuwa mwanamke mwembamba anayepita njiani na furushi kichwani, amevaa kanga iliyofifia, viatu vya kufunga na kamba. "Anatetemeka kwa sababu nguo hizo ni zangu," akasema. "Huyo ni Woga. Aliziiba kambani nilipokuwa nimezianika, na tangu hapo watu wananiamkia mimi kwa kumpigia goti yeye."

"Twende zetu," Kijicho akaninong'oneza, "huyo maskini atakutia wazimu." Lakini mimi nilikwishasimama, maana sauti ya yule mwembamba niliifahamu. Ilikuwa kama sauti ya mama yangu akiwa jikoni, anangoja maharage yaive.

"Ikiwa wewe ndiye Subira," nikamwambia, "basi mimi ni nani? Watu wote wa Muheza wananiita mwanamke wa subira."

Akatua furushi lake akanitazama bila haraka. "Mwajabu, mimi nangoja kitu. Nikipanda nangoja mvua, nikitia chungu motoni nangoja kiive, na nikikaa mlangoni nangoja niitwe. Kila ninapokaa, ninajua ninachongoja. Wewe ile miaka arobaini ulikuwa unangoja nini?"

Nikatafuta jibu. Nikatafuta kwenye miaka ya kwanza, nikatafuta kwenye miaka ya watoto, nikatafuta mpaka siku tuliyomzika Mzee Semhando. Sikuwa nimengoja kitu. Nilikuwa nimekaa tu, naogopa kuinuka.

"Usilie hapa," akasema Subira, "hapa machozi wanapikia mchuzi. Nifuate. Mjukuu wako yuko kwa Sheria tangu asubuhi, wala si mbali."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba hapakuwa mbali. Tulipita kisima, tukahesabu nyumba tatu, tukafika. Nilikuwa nimezoea kudhani Sheria ni mwanamume wa makoti anayekaa Tanga mjini na askari mlangoni. Nikamkuta mwanamke wa makamo, miwani imeteremka puani, nywele zimeingiwa na vumbi la mafaili, uso wa mtu aliyefanya kazi nyingi na kupumzika kidogo. Mbele yake kuna mzani mdogo mno, ule wanaopimia iliki kule Amani, unaoshtuka hata ukiupulizia. Hidaya alikuwa amesimama mbele yake. Hakuniona. Alikuwa anatoa maneno kinywani, moja moja, kama mtu anayetoa miba, na kuyaweka kwenye mzani. Akaweka "mwehu." Mzani ukalala. Akaweka "ulinipa wewe mwenyewe." Ukalala zaidi. Akaweka wiki moja ya salamu isiyojibiwa, kitu ambacho hakina hata umbo, kama pumzi kwenye kioo, na mzani ukagonga meza kwa kishindo.

"Naona uzito," akasema Sheria. "Lakini siandiki kwa kuona peke yangu. Maneno hayaachi alama kwenye ngozi, kwa hiyo namtafuta aliyeyasikia yakiwa bado ya moto. Nani alisikia?"

"Bibi yangu," akasema Hidaya. "Mara zote tatu."

"Yuko wapi?"

Hapo Kijicho akanirukia begani, mwepesi kama paka, akaniziba sikio kwa kiganja. "Kaa kimya," akaniambia. "Nani alikusikia wewe? Ulipolia ghalani, nani alikuja na kijitabu? Huyu bado kijana, ana meno yote, akitoka hapa ataolewa tena, ataimba kwenye harusi za watu. Wewe utapata nini? Utarudi kusuka mikeka."

Kila alilosema lilikuwa kweli, ndiyo maana lilikuwa na nguvu. Nikasogea mbele na hasira zangu zote, si kwa Hidaya, kwa yule mwenye mzani. Nikamwambia, "Mbona hukuja kwangu? Umekaa hapa tangu mwaka sabini na moja, nyumba tatu kutoka kisimani, na mimi nachota maji kila siku. Mbona hukuniita?"

Sheria akavua miwani. "Mimi sina miguu, mama," akasema, na kweli nikaona ameshonewa kwenye kiti kama kitabu kilivyoshonwa. "Nakwenda ninapobebwa. Hakuna aliyenibeba mpaka kwako, na hilo ni deni ambalo siwezi kukulipa. Mumeo amekufa na ndoa yenu imekwisha kwa mauti, hakuna nitakachokuvunjia. Ninachoweza ni kupima. Weka."

"Niweke nini?"

"Chochote. Weka kimoja tu."

Kasida sikuiweka. Ile kamba ya mbuzi sikuiweka. Niliweka neno dogo kabisa, lililozoeleka hata nikasahau kwamba ni neno: "Mwambie mama yako." Mzani wa iliki ukashuka, ukaivunja meza, ukaingia ardhini, na tukasikia unaendelea kushuka chini kwa chini kama ndoo iliyokatika kamba. Sheria aliinamisha kichwa, kama watu wanavyofanya msibani. Na mimi nikajua, kwa mara ya kwanza tangu mwaka sabini na nne, kwamba sikuwa mwanamke mwenye mume mpole.

Ndipo Hidaya akageuka akaniona. Hakunikasirikia. Aliniamkia tu, "Shikamoo, Bibi," na akangoja, na alikuwa anangoja kitu. Nikafungua mdomo niseme nilisikia. Sauti haikutoka. Nikapeleka mkono, nikagusa mkaja, umenifunga mdomo mpaka kisogoni. Nikatafuta fundo. Vidole vikalijua upesi: lilikuwa fundo langu, lile la kupitisha ncha mara mbili, ninalowafunga wari wote niliowafunda wanapojifungua, na hakuna mwingine huku anayelifunga vile. Kijicho alilia begani, anavuta ncha upande wake. Mimi nikavuta upande wangu. Fundo likaanza kulegea, na katika kulegea nikasikia sauti inatoka, kubwa, mbaya, ya mbuzi kabisa.

Ilikuwa ya jogoo. Alikuwa anapiga kelele jikoni na kujigaragaza na kamba yake. Jua lilikuwa limeinama juu ya paa la jirani, magharibi inakaribia, ukili umenizunguka mkono, na Hidaya anaanua nguo. Sikuhitaji mtu wa kuniagulia ndoto ile. Nilipeleka mkono chini ya paja la kulia.

"Hidaya. Njoo hapa. Barua hii."

Akaja na nguo begani. Akaipokea, akaifungua, akatazama tarehe, kisha akanitazama mimi. "Imeletwa lini?"

"Leo siku ya tisa."

"Siku ya tisa!" Nguo zikaanguka. "Bibi, mimi nakuuliza kila siku! Kesho ndiyo baraza, Bibi! Nilikuwa nakwenda kusimama pale peke yangu kama mti. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini?"

Nikatafuta neno la kunisitiri, nikaliacha. "Wivu," nikamwambia.

"Wivu wa nini? Wa mimi kuachika?"

"Ndiyo."

Akakaa chini kwenye nguo safi. Nilidhani atalia, au atachukua begi lake. Akaikunja barua polepole, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akasema taratibu, "Babu pia alikuwa hivyo?"

"Babu yako hakuniambia neno miaka arobaini. Kesho nitawaambia ya kwako yote, siku ile uliyokuja na kiatu kimoja, na ile ya funguo, na ile ya mvua. Na wakiniuliza nimejuaje kama huo ni ukatili, nitawaambia na ya kwangu."

"Watakucheka, bi mkubwa."

"Wacheke. Mimi niko katani kwao tangu mwaka sabini na nne, nao ndiyo kwanza sasa wananiita."

Hapo akacheka, machozi yanamtoka, akanipiga kibao cha bega kama zamani. "Mke mwenzangu una roho mbaya wewe."

"Ninayo," nikasema. "Sasa nenda kamwite jirani yetu Mzee Mhina atuchinjie yule jogoo. Hakuna anayerudishwa."

Tulimpika kwa nazi. Hidaya alipakua, na kwa mazoea akaitenga firigisi pembeni kwenye kisahani, kama nilivyomfundisha mwenyewe, ya mwanamume wa nyumba. Sote wawili tukaitazama. Umri wangu wote sikuwahi kujua ladha yake. Nikachukua kisu nikaikata mbili, na kwa kuwa Kijicho alikuwa bado yuko, amekaa karibu na mlango na jicho lake lile lile, mimi nikachukua kipande kikubwa.